Diski Isiyo na Majivu

Siku kaka yangu Damascène aliposhusha gunia la majivu mbele ya duka la Papa Mumbere, pale Mpofi, watu waliokuwa wakichaji simu walicheka wote kwa pamoja.

"Muntu anatoka Karuba mupaka huku Walikale na majivu!" alisema mmoja wao. "Kwani sisi hatuna moto?"

Damascène hakujali. Alifungua kamba, akaingiza mikono yote miwili hadi viwikoni, akaivuta kompyuta ya tume kama mtu anayemtoa ndama tumboni mwa ng'ombe. Ilikuwa imefungwa kwa turubai, na turubai lilikuwa limechanika pembeni. Majivu yakamwagika juu ya viatu vyake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, kitenge mdomoni. Sikutaka watu waone kwamba machozi yananitoka kwa ajili ya mashini.

"Nimeileta vile uliiacha, dada," aliniambia. "Sikuifungua, sikuigusa. Hata kamba njo ile yako."

Nilimshukuru mara tatu kwa kurudi hadi kwetu kuifuata. Barabara ya kutoka Karuba hadi Mpofi siku hizo ilikuwa na vizuizi vya watu wenye bunduki ambao mtu hakuweza hata kuwahesabu, na kila kizuizi kilikuwa na wenyewe.

Katika kila jiko la Karuba kuna gunia la majivu. Akina mama huyakusanya kwenye mafiga mwaka mzima, huyachuja, na msimu wa maharagwe ukifika huyachanganya na mbegu ili wadudu wasizitoboe. Vita vilipopanda hadi kwetu, Desemba ya 2007, tulijua kwamba wenye bunduki wakiingia nyumbani huchukua mbuzi, magodoro, redio, na maharagwe yenyewe. Lakini nani anaiba majivu? Nikaizika kompyuta ndani ya gunia la mama yangu, nikajiona mwerevu. Nilikuwa nimesoma informatique, mambo ya kompyuta, Goma miaka mitatu, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeniambia kwamba majivu hupita hata pale maji yasipopita.

Kompyuta yenyewe haikuwa mpya. Tume ya mashamba ya Karuba iliinunua Goma baada ya kutumiwa miaka mingi na watu wa ng'ambo, na ubavuni mwake ilikuwa bado na karatasi yenye maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Tume ilikwenda shamba kwa shamba. Mwenye shamba alisimama katikati, na majirani zake wakasimama kila mmoja kwenye mpaka wake. Mmoja alisema, mimi nikaandika. Kisha nilisoma kwa sauti niliyoyaandika, na kila jirani alishika mti wa mpaka kwa mkono wake na kutaja jina lake. Neno ambalo halikushikiwa mti halikuingia kwenye mashini. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu sikuhitaji kusema lolote la kwangu.

Sasa karatasi zote zilikuwa zimeungua pamoja na ofisi ya tume. Nakala yetu ya USB ilikwenda Uganda mfukoni mwa katibu, na hatukujua yuko kambi gani. Iliyobaki ilikuwa kompyuta tu.

Aliyeihitaji kuliko wote ni Mama Mukagasana. Alikuwa mjane, jirani yetu wa Karuba, na hapo Mpofi alilala katika darasa la pili la shule ya parokia pamoja na familia nyingine sita. Sisi tulikuwa darasa la tatu. Papa Evode, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale kwetu, alikuwa ameuzungushia ua mteremko wa Mama Mukagasana mara tu tulipokimbia. Alisema kwamba marehemu mume wa mjane huyo alimwachia kabla ya kufa. Mzee Hakorimana, jirani wa mpakani, ndiye aliyekuwa ameshika mti mbele ya tume, kabla ya vita, na kusema kwamba marehemu hakumwachia mtu. Maneno yake niliyaandika mimi. Naye Mzee Hakorimana alikufa kwa baridi njiani, karibu na Nyabiondo, tukamfunika kwa mawe.

Jumamosi mjumbe wa chifu angesikiliza kesi hiyo Masisi. Siku gunia lilipofika ilikuwa Jumatano.

"Mutoto yangu," Mama Mukagasana aliniambia, "hiyo kitu ikiamka, itasema ile Hakorimana alisema?"

"Neno kwa neno, Mama. Nitaitoa kwenye karatasi, nitapiga muhuri. Muhuri ninao."

"Basi Mungu aiamushe."

Umeme tuliupata kwa Papa Mumbere. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila siku, mwenye picha ya Bikira Maria juu ya rafu ya sabuni. Jenereta yake iliunguruma kuanzia saa nne hadi saa tisa. Alinipa kona ya meza yake, skrini ya kuonyeshea filamu na mashini ya kuchapisha aliyoitumia kwa vyeti vya ubatizo, na hakunidai kitu.

"Dada Kayitesi," alisema akinitazama nikifuta kifuniko, "hii ordinatere yako iko Mukatoliki? Maana naona imeshapakwa majivu mbele ya Kwaresima."

Wateja wakacheka. Mimi pia nikacheka kidogo.

Nilichomeka, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya kama jiwe.

Nilifungua skrubu za ubavuni, nikaona kile nilichokuwa nimekifanya. Majivu yalikuwa yametanda kila mahali, meupe na laini kama unga wa muhogo uliopepetwa. Yalikuwa yameziba feni, yamekaa katikati ya nyaya, yamejaa katika kila tundu. Nilijisikia kama mtu aliyemlalia mtoto wa wenyewe usingizini bila kujua. Kaka yangu alihatarisha maisha kuileta, Mama Mukagasana alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda akiingoja, na aliyeiua ni mimi.

Papa Mumbere alinipa pampu ya baiskeli. Nilipuliza kisanduku cha umeme mpaka macho yakanichoma, nikakisugua kwa brashi ya viatu iliyokuwa mpya dukani. Saa sita nilibonyeza tena. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi, lakini ndani ya kompyuta kikatoka kilio kirefu, kikanyamaza, kikatoka tena.

Mama Mukagasana alisimama. "Inalia! Ni kusema iko muzima?"

"Iko muzima, Mama. Inatuambia mahali kwenye inaumwa."

"Heee. Kumbe inajua kuliko batoto ba siku hizi."

Kilio kile nilikijua tangu shuleni. Kumbukumbu, vile vipande viwili vyembamba vinavyosimama ndani kama biskuti kwenye pakiti, vilikuwa havigusani vizuri na tundu lake. Nilivichomoa, nikaomba kifutio cha penseli, nikasugua meno yake ya shaba mpaka yakang'aa. Nilipuliza tundu, nikavirudisha, nikasikia kila kimoja kikilia *ka*. Nikabonyeza.

Mlio mmoja mfupi, na skrini ikawaka.

Duka zima likapiga kelele. Papa Mumbere alifanya ishara ya msalaba. Mama Mukagasana alianza kucheza pale pale kwenye sakafu ya udongo, mabega yakipanda na kushuka, na mimi, ambaye hata kanisani huimba kwa midomo tu, nilipiga makofi.

Saa ya mashini ilisema kwamba tupo Januari ya mwaka 2001. Hilo halikunisumbua. Betri yake ndogo, ile inayofanana na kifungo cha koti, ilikuwa imekwisha nguvu. Nikabonyeza kuendelea. Maandishi meupe yakapita, yakasimama. Yalisema kwamba hakuna diski yenye mfumo wa kuianzisha.

Nilizima, nikakaza utepe wa nyaya unaokwenda kwenye diski. Nikawasha. Maneno yale yale. Nikazima, nikageuza utepe, nikajaribu tundu lingine. Maneno yale yale. Saa tisa ilifika na Papa Mumbere akazima jenereta.

"Kesho," nilimwambia Mama Mukagasana. "Ni majivu tu. Nitasafisha vizuri."

Jioni hiyo mama yangu alinipa ugali na sombe ya majani ya muhogo, akanitazama nikishindwa kula.

"Acha hiyo mashini, Kayitesi," alisema. "Imekufa. Bintu ya chuma inakufaka. Usijiue nayo."

Nilidhani ananihurumia.

Damascène hakula nasi. Kazi yake hapo Mpofi ilikuwa kupakia magunia kwenye malori, na siku ya soko kama hiyo alichelewa kurudi. Nilimwekea chakula chake pembeni, nikakifunika kwa sahani. Nilikuwa namheshimu kuliko mtu yeyote. Baba yetu alikufa nikiwa na miaka kumi na minne, na Damascène ndiye aliyemuuza ng'ombe ili mimi niende Goma. Ng'ombe yule alikuwa wa mahari yake. Mchumba aliyekuwa naye alingoja mwaka mmoja, kisha akaolewa Mushaki. Tangu siku hiyo kaka hakuwahi kunitajia jambo hilo, na mimi sikuwahi kumaliza sala bila kulitaja.

Alhamisi asubuhi, kabla jenereta haijawashwa, niliibeba kompyuta hadi mlangoni penye mwanga, nikalala kifudifudi kwenye mkeka, nikaanza kuikagua polepole kwa tochi. Nilitaka kuona majivu yameingia wapi katika diski.

Hayakuingia popote. Diski ilikuwa safi.

Nilidhani macho yananidanganya. Nilipitisha kidole juu ya chombo cha kusomea CD, kidole kikawa cheupe. Nikakipitisha juu ya diski, hakikushika kitu. Nilitazama chini yake, kwenye bati inapokaa. Majivu ya miezi miwili yalikuwa yamelizunguka umbo la diski na kuacha mstatili mtupu katikati, kama vile sahani inavyoacha alama kwenye meza yenye vumbi. Lakini mstatili huo ulikuwa mkubwa kuliko diski iliyokuwepo. Skrubu zilikuwa tatu badala ya nne, na moja ilikuwa na mkwaruzo mpya uliong'aa.

Niliichomoa. Diski ya tume nilikuwa nimeiandika T.K. kwa rangi nyekundu ya kucha, siku ya kwanza ya kazi. Hii haikuwa na T.K. Ilikuwa chakavu, nyepesi, ya aina nyingine kabisa, na nilipoitikisa, kitu kilicheza ndani yake.

Mtu alikuwa ameifungua kompyuta baada ya majivu kutanda, akatoa diski yetu, akaweka mzoga mahali pake, akafunga, akairudisha ndani ya gunia. Akafunga kamba kwa fundo langu.

Fundo langu analijua mtu mmoja. Tena mimi ndiye niliyemfundisha kufungua kompyuta. Mwaka uliopita, pale Karuba, feni ilipoharibika, Damascène alinishikia tochi jioni nzima. Alikuwa anauliza maswali kama mwanafunzi, na mimi, kwa furaha ya kuwa mwalimu wa kaka yangu, nilimwonyesha kila kitu. "Hii inaleta moto. Hii inafikiri. Na hapa," nilimwambia nikigonga kwa kucha, "hapa njo maneno yote inalala. Ukitoa hii, mashini inabaki sanduku."

Nilikaa pale mkekani muda mrefu. Nilijaribu kumtafuta mtu mwingine. Niliwaza askari, niliwaza dereva wa lori, niliwaza muuzaji wa Goma. Hakuna mwizi anayechukua diski kisha akakuletea nyingine.

Nilimkuta nyuma ya duka, akishusha magunia ya makaa. Nilimwonyesha diski kwenye kiganja.

Aliiangalia, akaweka gunia chini taratibu.

"Ni nini?" aliuliza.

"Haina majivu, kaka."

Uso wake ulikuwa mweusi kwa makaa, nikaona jasho likichora mistari.

"Ile ingine iko wapi?"

"Kayitesi..."

"Iko wapi?"

"Evode alinipasulia mbele yangu. Na nyundo." Alijipangusa. "Alinipa kipande ya chini, pale karibu na kijito. Kipande tu. Nyumba moja na shamba kidogo ya viazi. Niko na miaka makumi tatu na mbili, dada. Ninalala na mama yangu mu darasa ya shule."

"Ni shamba ya Mama Mukagasana."

"Ana batoto? Ana nani? Akikufa, itabaki ya nani?"

"Hajakufa. Amekaa huko mbele juu ya kreti. Jana alicheza."

Alitazama pembeni. Kisha sauti yake ikapanda, na hapo nikajua kwamba neno lile lilikuwa limekaa ndani yake miaka yote.

"Ng'ombe yangu uliikula Goma, Kayitesi! Uliikula mupaka kwato. Mimi nilipata nini? Nilipata kushika tochi!"

Wapakiaji wenzake waligeuka. Mmoja alipiga mluzi. Mimi nilisimama pale, na la kushangaza ni kwamba kilichoniuma zaidi hakikuwa neno la ng'ombe, kwa sababu lilikuwa kweli. Kiliniuma kile kitendo cha kukaa jana nzima nikijilaumu, naye akipita mlangoni na magunia, akiniona nimelala juu ya majivu na pampu ya baiskeli, na kuniuliza, "Inaendelea, dada?" Aliniuliza mara mbili. Nilimjibu mara mbili, kwa heshima.

"Uliniacha niamini niliiua mimi," nilisema.

"Ingekuwa mubaya gani? Kila muntu angesema ni majivu. Hakuna mwenye angekukasirikia. Sema ni majivu, basi. Sema tu ni majivu."

Ingekuwa rahisi. Papa Mumbere angenitania wiki mbili, Mama Mukagasana angelia na kunisamehe, kwa maana ni mtu wa kusamehe. Na kaka yangu angejenga nyumba yake karibu na kijito.

Nilikwenda mbele ya duka. Mama Mukagasana alikuwa ameleta muwa, ameukata vipande viwili, kimoja changu. Nilipiga magoti ili nisilazimike kupaza sauti, nikamwambia yote. Nilimtaja Damascène kwa jina. Alisikiliza huku akiushika muwa wake.

Mwishoni aliuliza, "Na weye? Weye uko unakumbuka ile Hakorimana alisema?"

"Nakumbuka."

"Basi tutabeba kichwa yako."

Nilimwambia kwamba mimi siwezi kusema mbele ya watu. Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Hata miye siwezi kukosa shamba," alisema.

Ijumaa tulipanda lori la Papa Mumbere, juu ya mafuta ya mawese, na Jumamosi saa tatu tulikuwa Masisi. Mjumbe wa chifu alikaa nyuma ya meza ndogo. Papa Evode alikuwa amevaa koti na buti za mpira, fimbo mapajani.

"Karatasi ya tume iko wapi?" mjumbe aliuliza.

"Haiko," nilisema. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Ongea kwa nguvu, mama. Haiko kwa sababu gani?"

"Diski ilitolewa ndani ya mashini."

"Na nani?"

Papa Evode alinitazama akitabasamu. Alijua kwamba nikifika hapo nitanyamaza. Alikuwa amenijua tangu utoto, yule msichana anayejificha nyuma ya kitenge.

"Na Damascène," nilisema. "Mutoto ya mama yangu. Alimupatia Papa Evode."

Tabasamu likatoweka. Nilisikia watu nyuma wakivuta pumzi, na kabla woga haujanirudia, nikasema maneno ya Mzee Hakorimana kama nilivyoyaandika: kutoka mti wa kwanza hadi jiwe jeupe, kutoka jiwe hadi kijito, nani alilima wapi mwaka gani, na kwamba marehemu hakumwachia mtu hata unyayo mmoja. Nilitaja waliokuwepo na mti ambao kila mmoja aliushika.

"Mutoto ya Goma anataka tuamini kichwa yake!" Papa Evode alifoka.

"Hata weye uliomba tuamini mudomo yako," mjumbe alimjibu, na watu wakaguna.

Hakutoa hukumu. Alisema kwamba barabara ikifunguka, majirani waliobaki hai watarudi mpakani kushika miti upya, na hadi siku hiyo ua ung'olewe na ng'ombe yeyote asikanyage. Mama Mukagasana alinishika mkono, hakuuachia hadi tulipofika kwenye lori.

Tuliporudi Mpofi Jumapili jioni, mkeka wa Damascène haukuwepo. Habari zilikuwa zimetangulia. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni mwa darasa la tatu, anachambua mchele, na hakuinua uso.

"Ulimutaja mbele ya bantu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kaka yako ya tumbo moja."

"Mama, alitudanganya sisi wote. Wewe pia."

Vidole vyake vilisimama juu ya ungo. Kisha vikaendelea, vikatoa jiwe, vikalitupa.

"Miye hakunidanganya," alisema. "Alinipangia chumba mu ile nyumba."

Nilikumbuka ugali na sombe, na macho yake yakinitazama nikishindwa kula. Nilingoja aseme neno lingine. Aliupepeta mchele, akapuliza makapi.

Niliingia ndani, nikakunja mkeka wangu na blanketi, nikapita mbele yake. Darasa la pili lilikuwa limejaa, lakini Mama Mukagasana alisogeza vitu vyake hadi ukutani bila kuniuliza chochote, na nikalala hapo.